Chuma cha Shingo ya Bata

Wiki iliyopita jirani yangu, fundi wa kuchomelea, alichovya chuma chekundu ndani ya kopo la mawese, na moshi wake ukavuka ua ukanikuta jikoni nikikata vitunguu. Ilibidi nikae chini. Binti yangu alidhani nimejikata kidole, akakimbilia kitambaa. Sikuwa nimejikata. Nilikuwa na hasira. Ilikuwa hasira ya msichana wa miaka kumi na miwili aliyesimama mbele ya wageni na beseni la kunawia mikononi, na nilishangaa kuikuta haijapungua hata kidogo.

Wenzangu wa rika langu, tukikaa pamoja baada ya ibada, hupenda kusema kwamba mambo ya utotoni hupoa yenyewe. Huenda yao yalipoa. Langu mimi nimelifunika miaka mingi kwa adabu, kwa zaburi, kwa "Mungu anajua", na nimechoka kulifunika. Nitalisema lilivyokuwa.

Baba yangu alikuwa fundi wa kukereza mbao. Maseremala hapa Kamina walikuwa wengi, wa milango, wa vitanda, wa majeneza. Wakerezaji walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa mlevi. Baba hakunywa. Alikuwa Mmetodisti wa kuvaa tai kila Jumapili, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya, mtu ambaye watu walimwinamia kidogo wakimsalimu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mabati, karibu na njia ya reli, na mashine yake aliiunda mwenyewe. Upande mmoja lilisimama gurudumu kubwa la lori, upande wa pili vilikuwapo vyuma viwili vya kushikilia gogo, na kati yao ukapita mkanda wa mpira. Kaka yangu Ilunga, aliyenizidi miaka miwili, ndiye aliyezungusha gurudumu. Gogo likizunguka, Baba aliliwekea patasi na mbao zikatoka kama utepe. Alipenda mti wa mulombwa, ambao vumbi lake ni jekundu. Jioni Baba na Ilunga waliingia ndani wakiwa wekundu mpaka kwenye kope, na sisi wengine tukanusa miti badala ya kunusa chakula.

Mimi sikuitwa karakanani. Kazi yangu ilikuwa kuchukua takataka za mbao kwa ajili ya moto wa mama, na kusafisha vioo vya taa, kwa sababu mkono wangu ndio pekee uliopita kwenye mdomo wa kioo. Lakini macho hayahitaji kuitwa. Nilijua kila patasi ya Baba kwa sauti yake.

Siku moja mchungaji alirudi safari akiwa na picha ya chombo cha maua. Alitaka viwili kama hicho kwa ajili ya madhabahu, vya mbao, vyenye tumbo pana na shingo nyembamba, vilivyo vitupu ndani ili vibebe kopo la maji. Baba alikubali kabla hajafikiri, kwa kuwa aliyeomba ni mchungaji. Kisha akaanza kuhangaika. Kwa nje alikereza tumbo zuri kuliko la kwenye picha. Ndani alishindwa. Patasi imenyooka, huingia na kutoka kwa njia moja, kwa hiyo aliweza kutoboa shimo la kwenda chini tu. Pale tumbo linapopanuka nyuma ya bega, patasi haikufika. Alijaribu kukata chombo vipande viwili, akakomba kila kipande, akaviunganisha kwa gundi. Jua la kiangazi likakifungua kwenye ule mstari wa gundi mbele ya macho yetu.

"Ile kintu haiwezekane," Baba alimwambia mama. "Wazungu banafanyaka na mashini ya umeme."

Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa na kioo cha taa, mkono ndani, nikikwangua masizi. Niliona kidole changu. Kilikuwa kimepita kwenye mdomo mwembamba wa kioo, kisha kimejikunja, na ncha yake ilikuwa inasugua pale pale nyuma ya bega la kioo, mahali ambapo fimbo iliyonyooka isingefika kamwe.

"Papa," nilisema, "patasi ijikunje kama kidole."

Baba alicheka. Hakucheka kwa ubaya, nakiri hilo. "Chuma haina vidole, Numbi. Enda saidia mama yako."

Nilikwenda kumsaidia mama. Lakini wiki iliyofuata Baba alikwenda kwenye Base, kambi ya jeshi, kupeleka miguu ya viti vya mkuu mmoja wa askari, na kazi ya kuviunganisha ikamweka huko siku sita. Siku ya kwanza tu nilimwambia Ilunga: "Tuwashe moto."

Kwenye rundo la vyuma vya Baba kulikuwa na springi ya lori la jeshi, nene kama kidole gumba, ambayo mke wa askari alimletea badala ya kulipia stuli. Tuliitia kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, tukaiacha ipoe yenyewe kwenye majivu, na ilipolainika tukaikata kwa msumeno wa chuma, tukipokezana mpaka viganja vikatoa malengelenge. Ilunga alivuta mvukuto. Mimi nilishika nyundo. Fuawe letu lilikuwa kipande cha reli. Nilikinyoosha kipande cha springi tulichokata, nikakipiga ncha ikawa bapa kama ulimi, nikakikunja kama kidole changu kilivyokunjika ndani ya kioo. Kilikuwa kibaya kutazama, lakini kilikuwa changu. Nikakitia tena motoni na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kama nilivyoona watu wakifanya. Kikalia *tii!* na ncha ikadondoka chini ya ndoo.

Kesho yake tulianza upya. Sitadanganya kwamba nilijua nilichokuwa nafanya. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, ndoo ilikuwa tupu, na chuma kilikuwa kinawaka mkononi mwangu kwenye koleo. Kitu pekee chenye majimaji nilichokiona kilikuwa sufuria ya mawese ya mama, aliyoiweka mlangoni. Nikakitumbukiza humo. Ulipanda moshi mnene wenye harufu ya chakula na ya kuungua kwa pamoja, na chuma hakikulia. Kilitoka cheusi, kizima, na tupa ya Baba ilipopitishwa juu yake iliteleza kama kwenye kioo. Mama alinipiga na mwiko kwa ajili ya mawese yale, akanipiga tena aliponiona nacheka.

Haikuwa mwisho. Chuma kile kilikuwa kigumu mno, ncha ikabanduka kama ganda la yai, ndipo nikajifunza kukipasha tena polepole, mbali na moto, mpaka kipate rangi ya uji wa mahindi ya njano. Tukakitia mpini mrefu. Ilunga akazungusha gurudumu, mimi nikaingiza chuma kwenye shimo la chombo kingine, ambacho Baba alikiacha kimetobolewa tu. Mbao ilikikamata ile ncha iliyochepuka pembeni, mpini ukajipindua mikononi mwangu na kunipiga kidevuni. Damu ilitoka. Kovu lipo mpaka leo. Ilunga alitaka tuache.

Nilitazama ua nikiwa nimebana kidevu na kitambaa, na bata wa mama akapita. Shingo ya bata inakwenda huku, inarudi kule, lakini kichwa chake kinasimama sawasawa na mwili. Hapo nikaelewa. Ncha ya chuma changu ilikuwa imekaa pembeni ya mpini, na kila mbao ilipoisukuma ikapata nafasi ya kuupindua mpini. Nilirudi kwenye moto. Nilikikunja chuma mara mbili, kwanza kitoke nje, kisha kirudi, mpaka ncha ikasimama kwenye mstari uleule wa mpini. Mawese tena. Rangi ya uji tena. Siku ya sita niliubana mpini chini ya kwapa, Ilunga akazungusha, na nikasikia chuma kikila mbao ndani ya tumbo la chombo, mahali ambapo hakuna jicho linaloona. Niliifuata kazi ile kwa sikio. Mbao ikiwa nene sauti ilikuwa nzito. Ilipokuwa nyembamba sauti ikapanda. Nilipotoa chuma, chombo kilikuwa chepesi kama kibuyu.

Baba alirudi jioni ile jua lingalipo. Alikishika chombo, akaona kwamba uzito haulingani na ukubwa, akaingiza kidole kwenye mdomo wa chombo, akakitoa, akaingiza tena.

"Nani?" aliuliza.

"Minyi," nilisema. Kwetu minyi ni mimi.

Alimtazama Ilunga.

"Ni yeye, Papa," Ilunga alisema. "Minyi nilizungusha tu. Yeye njo alifikiri, yeye njo alipiga chuma."

Nayaandika maneno hayo ya Ilunga kama yalivyokuwa, na njo yetu ambayo ni ndiye, kwa sababu yanaonyesha kwamba Baba alijua. Hakudanganywa na mtu. Alijua tangu dakika ya kwanza.

Kesho yake alikitumia chuma changu kutwa nzima, akiimba sauti yake ya tatu. Akakiita "shingo ya bata" kama nilivyokiita mimi. Vyombo vya mchungaji vikaisha, vikawekwa madhabahuni, na watu wakaanza kuja karakanani kuuliza imewezekanaje. Nilikuwa nasikia kupitia ukuta wa matofali, nikiwa jikoni, majibu ya Baba. Yalikuwa yaleyale kila mara.

"Mutoto yangu njo alivumbua ile chuma. Mutoto yangu mwenyewe. Akili yake iko ya ajabu."

Mtoto wangu. Kila aliposema hivyo nilibana midomo nisicheke kwa furaha. Nilimwaga unga, niliunguza maharagwe, na sikujali. Katika lugha yetu neno mtoto halina sketi wala suruali. Nililichukua zima, nikalivaa. Majuma mawili mazima nilitembea ndani ya neno lile kama mtu aliyevaa nguo mpya, na hakuna aliyeniambia kwamba nguo haikushonwa kwa ajili yangu.

Kisha habari zikaja kwamba mkurugenzi wa shule moja ya ufundi, ya mji wa mbali, safari ya siku kadhaa kwa treni, atapita Kamina, na mchungaji amemweleza juu ya chuma. Ilikuwapo nafasi moja ya mtoto wa kanisa, ya kusomeshwa bure. Nilimsikia Baba akimwambia mama: "Atakuya kumuona mutoto." Nilifua gauni langu la Jumapili bila kuambiwa. Nililipiga pasi ya makaa. Mama aliniona, akaondoa macho, na mimi nikadhani anaficha machozi ya kuniaga.

Walikuja watatu: mkurugenzi, mchungaji, na mama mmoja aliyebeba daftari la kuandikia. Baba alikuwa amevaa tai siku ya kazi. Mama alinipa beseni na birika, niwanawishe wageni kwanza. Nilifanya vizuri, nikapiga goti kama nilivyofundishwa, nikimimina polepole, nikisubiri kuitwa. Baba alikileta chuma kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, akakifungua mezani.

"Na mutoto?" mkurugenzi aliuliza. "Mutoto mwenyewe iko wapi?"

"Njo huyu," Baba alisema, na akaweka mkono juu ya kichwa cha Ilunga.

Nakumbuka kwamba birika lilikuwa bado linamimina. Maji yalijaa mikononi mwa mchungaji, yakafurika, yakaanguka kwenye viatu vyake, naye akasema, "Mama, inatosha," kwa upole. Ilunga alitazama chini. Masikio yake yalikuwa yameiva.

Walimwomba aonyeshe. Baba mwenyewe alishika gurudumu, Ilunga akashika mpini. Hakujua pa kuubana. Aliushika kwa viganja kama jembe, chuma kikaruka, kikachana mdomo wa chombo. Akajaribu tena, kikaruka tena. "Ana haya mbele ya bantu bakubwa," Baba alisema akicheka, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye shingo ya shati.

Niliweka beseni chini. Sijui niliwaza nini. Nadhani niliwaza kwamba kweli ni kitu kinachoonekana, kwamba ukikiweka mbele ya watu watakiona. Nilimsogeza Ilunga kwa bega, nikaubana mpini chini ya kwapa nikiwa na gauni la Jumapili, nikasema, "Papa, zungusha." Na Baba akazungusha, maana angefanyaje mbele yao? Chuma kiliingia. Mbao ilitoka kwenye shingo ya chombo kama unga mwekundu, ikanimwagikia kifuani. Niliifuata sauti mpaka ikapanda, nikasimamisha, nikampa mkurugenzi chombo mkononi.

Alikigeuza. Aliingiza kidole. Kisha akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyefurahi, akampiga Ilunga begani.

"Angalieni! Amefundisha hata dada yake! Basi huyu si fundi tu, huyu ni mwalimu tayari. Andika, Madame, andika jina lake."

Yule mama wa daftari akaandika.

Nimepita mambo mengi tangu siku ile. Nimezika watu. Nimekimbia nyumba na kurudi kuikuta haina mlango. Lakini sijasikia tena sauti mbaya kama ile ya kalamu ikiandika jina la kaka yangu, huku vumbi la kazi yangu likiwa bado kwenye gauni langu.

Wageni walipoondoka nilimkuta mama nyuma ya nyumba akisugua sufuria.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Hakugeuka. "Numbi, fasi iko moja. Ilunga ataoa, ataleta muke hapa. Weye utaolewa, na akili yako itaenda kujenga nyumba ya bantu bengine. Papa yako hakukosea hesabu."

"Ni bongo, Mama. Papa amebeba bongo mbele ya mchungaji." Kwetu bongo ni uongo, na kumsema baba hivyo ni jambo la kupigwa. Mama hakunipiga. Aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi, na hilo lilinikasirisha kuliko kipigo.

Ilunga aliondoka na treni baada ya majuma machache. Kituoni alinivuta kando, akafungua begi, akataka kunipa chuma. "Bakiza hiki. Utafanya ingine ya kwangu kisha." Baba alikuwa anatutazama. Nilikunja mikono nyuma. Sikutaka zawadi ya kitu changu. Leo naona kwamba kaka yangu alikuwa ananinyooshea mkono kwa namna pekee aliyoijua, lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya kuona. Mimi niliandikishwa darasa la kushona. Nilishona mashati ya wanafunzi, mikono yote ikiwa upande mmoja, mpaka mwalimu wa kushona akanirudisha nyumbani.

Mvua zilipoanza, barua ilifika. Baba aliisoma peke yake, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Niliikuta nikipangusa vumbi, na nikaisoma. Ilunga aliandika kwamba chuma kimevunjika ncha, kwamba walimu wanataka atengeneze kingine mbele yao, na kwamba amejaribu mara nyingi na kila mara kinapasuka. Mstari wa mwisho ulisema: *Papa, muulize Numbi.*

Baba hakuniuliza. Kesho yake aliwasha moto mwenyewe.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikimenya mihogo, na nikamtazama. Alikunja chuma vizuri, mkono wake ulikuwa hodari kuliko wangu. Kisha akakichovya ndani ya ndoo ya maji. *Tii!* Alikiokota, akakitazama, akaanza upya. *Tii!* Siku nne. Alibadilisha maji, akaongeza chumvi, akapoza kwa mchanga uliolowa. Sufuria ya mawese ilikuwa hatua tano kutoka kwake. Ningeweza kunyoosha kidole tu. Sikukinyoosha. Kila chuma kilipolia nilimenya muhogo mwingine, na nakiri, sauti ile ilikuwa tamu moyoni mwangu kama asali. Sijawahi kuomba msamaha kwa siku zile nne, na siombi sasa.

Kabla mahindi hayajakomaa, Ilunga alirudi. Alishuka kwenye treni na godoro lake kichwani na barua ya shule mfukoni. Barua ilisema kijana hawezi kufanya kazi ambayo alisemwa anaiweza, na kwamba wazazi wa kanisa wajifunze kusema kweli. Baba aliisoma akiwa amesimama katikati ya ua, mchana kweupe. Akaikunja. Akafungua mkanda wa suruali.

"Umeniaibisha," alimwambia Ilunga. "Mbele ya kanisa muzima."

Ilunga alivua shati bila kuambiwa na kuinama. Mkanda ulishuka mara moja, mara mbili, na mgongoni pake mistari ikavimba. Ni mgongo ule ulioinamia mvukuto siku sita kwa ajili yangu.

"Papa!" nilipiga kelele. "Acha! Minyi nilijua!"

Mkono wake ulisimama juu.

"Nilikuona siku zote ine. Nilikuona unatia chuma mu mayi. Mu mayi inapasuka. Nilijua inavyofanywa, na nikanyamaza."

Alinigeukia polepole. Nilidhani mkanda sasa utakuwa wangu, na nilikuwa tayari, nilikuwa hata nautaka. Lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Juu ya nini haukusema?"

"Haukuniuliza."

Mama alikuwa mlangoni. Ilunga alikuwa bado ameinama. Kuku tu ndio waliotembea. Baba aliushusha mkono, akajaribu kurudisha mkanda kiunoni, akakosa tundu, akaingia ndani akiishika suruali kwa mkono mmoja.

Ilunga hakurudi shuleni tena. Sasa ana pikipiki mbili za kubeba mahindi kati ya Kaniama na hapa, ana tumbo, ana wake na watoto, na akinipitia hunifungulia mgongo nimkune, akicheka. Ameyasamehe yote. Baba amekwisha kufa. Nilimlilia, nikamvika ile tai kwa mikono yangu, na nilipokuwa nalia nilikuwa bado na hasira naye. Watu hudhani mtu hawezi kubeba vitu viwili hivyo kwa pamoja. Mtu anaweza.

Asubuhi iliyofuata ule mkanda, Baba alinikuta uani.

"Numbi," alisema. "Nionyeshe."

"Nitakuonyesha. Lakini weye njo utavuta mvukuto."

Mama alishtuka, kikombe kikamponyoka. Baba akakunja suruali magotini, akakaa chini, mtu mzima wa kwaya, akashika mvukuto. Nikasimama juu yake na koleo. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa cha baba yangu kutoka juu. Katikati nywele zilikuwa zimeanza kuisha.

"Ongeza, Papa."

Akaongeza.

"Polepole sasa."

Akavuta polepole. Nilikunja mara ya kwanza, nikakunja mara ya pili, nikakagua mstari, nikakitia tena motoni, nikavuta sufuria ya mama kwa mguu. Alipoona ni mawese, alifunga macho. Chuma kiliingia bila kulia. Nilikipasha mpaka rangi ya uji, nikakinoa, nikampa. Alikigeuza juani. Akapitisha kidole gumba kwenye makali. Nilikuwa nangoja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na pamoja na yote nilikuwa bado nangoja.

"Ni muzuri," alisema. Kisha akatazama barabarani kama kuna mtu anayepita. "Lakini usiambie muntu."

Nilichukua kile chuma mkononi mwake. Sikukimbia. Nilitoka uani nikiwa na majivu mpaka viwikoni, nikapita mbele ya kanisa, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye bomba la maji, ambapo wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamepanga bidoni zao, madumu ya maji, wakisubiri. Nikasimama juu ya tofali.

"Hii chuma ya vyombo vya kanisa," nilisema, "minyi njo niliitengeneza. Si Ilunga. Si Papa. Minyi. Ile ya kwanza na hii."

Baadhi walicheka. Mke wa mwalimu alisema, "Shika kinywa, mutoto, unavua baba yako nguo." Mwingine alitaka kunishusha. Lakini Mama Zaina, mfanyabiashara wa Kiislamu wa sokoni, ambaye watu wake walitoka Maniema na ambaye aliuza vibuyu vya maziwa kwa jumla, alitoka kwenye foleni na kuacha bidoni yake. Alinyoosha mkono. Nikampa chuma. Alikipima kwa kidole, akatazama makunjo yake mawili, akautazama uso wangu, kovu la kidevuni, mikono yangu.

"Siku zote nakombaka vibuyu na kijiko," alisema, "mpaka mikono inakufa. Unaweza kunifanyia kadogo, ka kuingia mu shingo ya kibuyu?"

Mke wa mwalimu aliinama kushika bidoni yake.

"Naweza," nikasema.

"Unataka nini?"

"Leta chuma," nilimwambia. "Na uniletee minyi mwenyewe, mu mukono. Usimupe Papa."